Nunua sauti ya mtu kwanza, wati zitafuata

Wiki chache zilizopita nilimsindikiza mtoto wa dada yangu Kariakoo kununua redio. Amepata kazi, amepanga chumba na sebule Tabata, na ametenga laki tano kwa ajili ya muziki. Anasema "redio" kama tulivyosema sisi, ingawa kichwani mwake ni sabufa. Duka la kwanza tulilokanyaga lilikuwa limepanga sabufa kuanzia sakafuni hadi darini, taa zake zikibadilika rangi kufuata mdundo. Muuzaji akatushushia boksi lenye maandishi makubwa: wati 25,000 PMPO, yaani nguvu inayodaiwa kutoka kwa kufumba na kufumbua. "Kaka, hii ukiifungulia, mtaa mzima unajua umehamia," akamwambia. Nikaomba tuigeuze. Nyuma, chini kabisa, karibu na waya wa umeme unapotokea, palikuwa na kibandiko kidogo cha rangi ya fedha: 230V, 50Hz, 60W.

Mashine inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kutoa wati 25,000 kwenye spika, kama ambavyo huwezi kuchota ndoo moja ukajaza tangi zima. Plagi zetu za nyumbani ni za ampea 13. Kwa volti 230, hizo ni wati 2,990, na hapo fyuzi iko ukingoni. Wati 25,000 zingetaka ampea zaidi ya 100 kutoka kwenye soketi moja ya sebuleni. Namba ya mbele ya boksi, basi, haipimi kitu. Hakuna kanuni inayosema PMPO ipimwe vipi, kwa hiyo kila kiwanda kinaandika kinachoonekana kitauza. Marekani walipambana na tabia hii zamani: mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ilitunga kanuni inayomlazimisha muuza amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, kutaja nguvu inayotoka mfululizo, siyo ya kufumba na kufumbua, pamoja na kiwango cha mkwaruzo wa sauti. Sisi dukani tuna kibandiko cha nyuma. Tukisome hicho.

Lakini si namba ya uongo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba hata ingekuwa ya kweli, bado ingekuwa jibu la swali ambalo mtu mwenye sebule ya mita nne kwa tatu na nusu hakupaswa kuliuliza. Spika ya kawaida ya nyumbani, ukiipa wati moja tu, inatoa karibu desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa umbali wa mita moja. Mazungumzo ya watu wawili ni kama desibeli 60. Spika mbili zikila wati moja moja, umekaa kwenye kochi, tayari inabidi upaze sauti ili mwenzako akusikie. Muziki una vilele vyake, ngoma inapopigwa au tarumbeta zinapoingia, na hapo unataka akiba ya mara ishirini hadi arobaini. Hesabu ikikamilika unabaki na wati 20 hadi 40 za kweli kila upande. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haimshtui mtu. Ili sikio lione sauti "imekuwa mara mbili" unahitaji nguvu mara kumi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ndogo, 3020, yenye wati 20 kila upande. Ikawa kipenzi cha wapenda muziki wasio na hela nyingi, na hadi leo watu wanazitengeneza na kuzitunza.

Swali la kuuliza dukani ni hili: sauti ya mtu inatokaje? Hapo ndipo sabufa ya bei ya chini inaposhindwa, na sababu yake iko kwenye umbo lake. Boksi kubwa la chini linabeba besi, na vispika viwili vidogo, kila kimoja na kikombe, ile karatasi inayotetemeka, cha inchi tatu hivi, vinabeba kilichobaki. Kikombe kidogo hakiwezi kusukuma hewa ya sauti nzito, kwa hiyo kiwanda kinalazimika kuliachia boksi la chini kila kitu kilicho chini ya hezi 150 au 200 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; ikiwa michache, sauti ni nzito). Sasa msingi wa sauti ya mwanamume anapoongea uko karibu hezi 85 hadi 180. Maana yake mwimbaji anakatwa kifuani: kifua kinatoka chini ya meza ya televisheni, kwenye kona, na mdomo unatoka juu kwenye vispika vya pembeni. Unasikia maneno na unasikia mvumo, ila mtu mwenyewe humsikii. Watu wengi wanafikiri hivyo ndivyo nyimbo zilivyorekodiwa.

Kwa muziki wetu hasara ni kubwa zaidi. Taarab ya Unguja ni fidla, ganuni, udi, nai na akodiani, na juu yake mwimbaji anayevuta neno hadi mwisho wa pumzi. Muziki wa dansi ni gitaa mbili tatu zinazojibizana, moja ikikazia na nyingine ikipita juu yake, kisha tarumbeta. Karibu yote hayo yako katikati, kati ya hezi 100 na elfu chache. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na sahani za santuri za enzi zile zilikuwa na besi hafifu na juu zilikatika mapema. Aliyebaki pale ni yeye: koo, pumzi, herufi za Kiswahili. Ukimpiga Siti kwenye sabufa yenye taa, boksi la chini halina kazi, na vile vidogo vinamfanya aimbe kama yuko ndani ya kopo. Ukimpiga kwenye spika mbili nzuri za miaka arobaini iliyopita, anakaa mbele yako.

Kwa hiyo nikamwambia mpwa wangu: nusu ya hela yako iende kwenye spika mbili, zilizo sawa, za mbao, kila moja ikiwa na wufa (ya sauti nzito) ya inchi sita au nane na twita yake (ya sauti nyembamba). Tukaondoka kwenye maduka ya mabox mapya tukaenda kwenye mitumba.

Spika ya mtumba ndiyo sehemu ambayo mtu mwenye hela kidogo anapata kitu cha thamani kubwa kwa bei ya chini, kwa sababu spika haina mambo mengi ya kuzeeka. Kuna mbao, sumaku, koili (waya uliozungushwa unaokisukuma kikombe), karatasi ya kikombe, na ule ukingo unaokishika kikombe kisiyumbe. Ukingo ukiwa wa mpira, unadumu. Ukiwa wa sponji, baada ya miaka kumi na tano au ishirini unaoza, na joto na unyevunyevu wa pwani vinauharakisha. Toa kitambaa cha mbele, uguse ukingo kwa kidole. Sponji iliyooza inabaki kidoleni kama unga wa kahawa. Wauzaji wengi huiona kama spika iliyokufa na bei inashuka. Haijafa: ukingo unabadilishwa. Kisha weka vidole vya mikono miwili pande mbili za kikombe, sukuma taratibu, kwa usawa. Kikienda na kurudi kimya, koili haigusi sumaku. Kikikwaruza, achana nacho, hata ukipewa bure.

Tulipata jozi ya spika za Ulaya zenye sponji iliyokwisha kabisa, kwa laki mbili, tukazipeleka kwa fundi redio Buguruni ambaye nimemtegemea kwa miaka. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia. Alikwangua mabaki ya sponji kwa wembe, milimita kwa milimita, akiogopa kuchana karatasi. Akafuta gundi ya zamani kwa spiriti. Akabandua kile kifuniko cha mviringo cha katikati, akachomeka vipande vinne vya karatasi kuizunguka koili ili ikae sawa katikati ya sumaku, ndipo akapaka gundi na kulaza ukingo mpya. "Hapa ukikosea unywele mmoja, itakwaruza maisha yake yote," akamwambia kijana. "Kesho ndiyo tutazitoa hizi karatasi. Leo hata usiguse." Alitoza elfu arobaini kwa zote mbili. Spika hizo, zikiwa mpya, huko zilikotengenezwa zilikuwa za mtu mwenye kipato kizuri.

Amplifaya nayo tuliitafuta mtumba, na hapa lazima niseme jambo kwa mkazo, kwa sababu liliwahi kunitokea. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua amplifaya ya Kijapani kwenye duka la mitumba. Ilikuwa nzito, nzuri, vitufe vya alumini, sindano mbili za kuonyesha nguvu. Muuzaji aliniambia niende nikachomeke tu, inapiga. Plagi yake ilikuwa ya vidole viwili bapa, nikaiwekea adapta. Nilibonyeza swichi, sindano zikaruka hadi mwisho, taa ikang'aa kuliko kawaida, na katika sekunde tano chumba kilinuka vanishi iliyoungua. Transfoma ilikuwa imekwisha. Nyuma ya mashine palikuwa pameandikwa wazi: AC 100V.

Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, Marekani ni 120, wetu ni 230. Ukiichomeka mashine ya volti 100 kwenye 230, unaipa zaidi ya mara mbili ya ilichoundiwa, na joto ndani ya nyaya zake linaweza kuongezeka mara tano na zaidi. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la vidole tu; volti inaziacha kama zilivyo. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, geuza mashine usome. Ikiwa na kitufe cha kuchagua volti, hakikisha kiko kwenye 220 au 240. Ikiwa ni ya 100 tupu, ongeza kwenye hesabu yako transfoma ya kushusha umeme, na iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Nimeona watu wakinunua transfoma ndogo ya chaja ya simu kwa ajili ya kazi hii. Inaungua yenyewe.

Kijana alipata amplifaya ya volti 240, ya wati 40 kila upande, kwa laki moja na ishirini. Potenshomita ya sauti, yaani kile cha kuzungushia kuongeza na kupunguza, ilikuwa na vumbi, ilikuwa inakwaruza ukiizungusha. Fundi aliipulizia dawa ya kusafishia mara mbili, ikanyamaza. Anayeogopa mashine kuukuu ana njia nyingine: zipo amplifaya mpya ndogo, za ukubwa wa kitabu, zinazotumia chipu moja na adapta kama ya kompyuta. Ukiwa na spika nzuri zinatosha kabisa sebuleni. Hazina uzuri wa vitufe vya alumini, lakini umeme hazili sana.

Nyaya nitazipita haraka. Waya wa umeme wa shaba wa 2.5, ule wa soketi ambao kila fundi anaujua, unatosha na unabaki. Kwa mita tano kwenda na tano kurudi, upinzani wake ni asilimia moja au mbili tu ya ule wa spika. Asikudanganye mtu kukuuzia waya wa spika kwa bei ya spika. Kitu cha kuangalia ni alama: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, kikombe kimoja kinasukuma wakati kingine kinavuta, besi inapotea hewani na mwimbaji anatawanyika chumba kizima. Piga wimbo wa mtu mmoja. Kama hujui yuko wapi, geuza waya wa spika moja.

Simu nayo inatosha kuwa chanzo. Bluetooth ya siku hizi si mbaya, na waya ni bora kidogo. Faili lililopakuliwa vizuri ni muhimu kuliko vyote viwili: wimbo uliobanwa na kubanwa tena ili faili liwe dogo umekwisha kupoteza vitu ambavyo hakuna spika ya kuvirudisha.

Sasa chumba. Hiki ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote kwenye mfumo wako, tayari unakilipia kodi kila mwezi, na karibu hakuna anayekishughulikia. Sebule zetu ni tofali za simenti, plasta laini, vigae chini, madirisha makubwa ya alumini, dari ya jipsamu. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mlio wa "trrr" unaokimbia kutani, hiyo ndiyo itakayokula maneno ya kila wimbo. Hakuna amplifaya ya milioni mbili inayoondoa mlio huo. Zulia nene mbele ya kochi, pazia zito kwenye dirisha, kochi la kitambaa badala ya lile la ngozi, rafu ya vitabu vilivyopangwa bila mpangilio: hivyo vinaondoa. (Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, zima tu usikilize mvua.)

Pazia halishiki besi, kwa hiyo besi inatibiwa kwa kusogeza. Spika ukiibana kwenye kona, kuta mbili na sakafu zinairudishia besi na sauti inakuwa ya pipa. Isogeze mbele, hata nusu mita, uone. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina besi yake kinayoipenda, karibu hezi 43: inajikusanya kwenye kuta mbili za mwisho na inakosekana katikati kabisa. Ndiyo maana aliyekaa na kisogo ukutani analalamika besi nyingi, na aliyekaa katikati anasema haipo, kwa redio ileile. Kabla hujanunua chochote cha kuongeza besi, sogeza kochi.

Nyumbani kwangu spika zilikaa miaka miwili ndani ya shoo-kesi, kila upande wa televisheni, twita zikiwa usawa wa magoti. Jumamosi moja nilizitoa. Nilizipandisha kwenye stuli mbili ili twita zifike usawa wa sikio la aliyekaa, nikachukua futi ya fundi nguo, nikapima: mita mbili kati ya spika na spika, mita mbili na kidogo kutoka kila spika hadi kochi, sentimita hamsini kutoka ukutani. Nikazigeuza kidogo zitazame kochi. Mke wangu alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasimama, akaangalia ile nafasi tupu ya ukuta katikati ya spika, akauliza, "Huyu anaimbia wapi? Mbona kama yuko hapo?" Sikuwa nimetumia hata shilingi.

Najua kinachosemwa. Vijana wanasikiliza singeli na amapiano, na muziki huo bila besi ya chini ni kama pilau bila viungo. Ni kweli, na siwezi kumwambia mtu apende ninachokipenda mimi. Najua pia kwamba sabufa ya boksi moja ina urahisi wake: rimoti, flashi, redio ya FM, dhamana ya dukani, inaingia kwenye bajaji mara moja. Kwa mwenye chumba kimoja na watoto wanaovuta kila waya, hilo ni jambo zito. Ninachokataa ni ile imani kwamba mtu wa kipato cha kawaida hana la kuchagua zaidi ya hapo. Na macho yanatudanganya sana katika jambo hili. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walilinganisha alama za wasikilizaji wakiziona spika na alama zao spika zikiwa zimefichwa kwa pazia. Walipoziona walipendelea kulingana na ukubwa, bei na jina. Pazia liliposhushwa, alama zilibadilika, na wakaweza kuzisikia tofauti ambazo macho yalikuwa yamezifunika. Taa zinazobadilika rangi zinafanya kazi hiyohiyo Kariakoo.

Mpwa wangu alimaliza kwa laki tatu na elfu themanini na tano: spika, fundi, amplifaya, nyaya, na stuli mbili alizochongewa na fundi seremala wa jirani. Amebakiwa na zaidi ya laki, na bado anaitaka besi yake. Sikumkataza. Nimemwambia asubiri apate sabufa peke yake, yenye amplifaya ndani na kitufe cha kuchagua inaishia hezi ngapi. Aiweke kwenye hezi 80 au chini ya hapo, kwa maana kufikia hapo sauti ya mtu imekwisha kubaki kwenye spika za juu. Aiweke kwanza pale anapokaa, juu ya kochi, kisha atembee pembezoni mwa sebule akiwa ameinama, atafute mahali besi inaposikika safi bila kuvuma, na hapo ndipo aihamishie. Akimaliza apige wimbo mmoja wa mtu mmoja asiye na ngoma. Akisikia sauti inatoka sakafuni, apunguze, aendelee kupunguza hadi mwimbaji arudi katikati.